Farasi wa Matanga

Mara ya tatu Sajini Phatela alipofika kijiji cha Ha Lekoro, bondeni, goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama kiazi na hakuwa na hamu ya kumwamkia mtu. Miaka ishirini na sita amekula mshahara wa kitengo cha wizi wa mifugo, na siku hizi aliwaonea wivu hata ng'ombe walioibwa, maana wao angalau walitembea kwa miguu minne.

Alikuja kumaliza, si kuanza. Kesi ya farasi wa 'M'e 'Masekake, kwa Kisotho mama yake Sekake, mjane wa Ha Rantsimane kule juu milimani Mokhotlong, ilikuwa inarudi mahakamani Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Mchunga mifugo wa mjane huyo, mtu mzima aitwaye Lefa, alikuwa amekaa rumande mwaka mmoja na nusu. Maneno yake hayakubadilika hata siku moja. Alisema Sekake, mtoto wa kiume wa mwenye farasi, alifika malishoni asubuhi, akasema ametumwa na mama yake, akamtandika farasi na kuondoka naye. Sekake alikana katakata. Mama alimwamini mwanawe, na ni mama gani asingemwamini? Basi farasi hakuonekana tena, na mahakama ikabaki na neno la mchungaji juu ya neno la mtoto wa mwenye mali. Mwendesha mashtaka alishasema kwamba Alhamisi ataomba kifungo cha miaka kumi. Bila yule farasi na jina la aliyemuuza, Lefa alikuwa amekwisha.

Phatela alikuwa na fununu moja tu mkononi. Mnunuzi mmoja wa sufu aliapa kwamba mwaka jana alimwona kando ya mto, hapo Ha Lekoro, farasi wa kahawia mwenye ule mwendo laini ambao mpandaji anaweza kunywa chai na asimwage. Farasi wa 'Masekake alisifika kwa mwendo huo. Sajini alikuwa ameshakagua mazizi ya kijiji kizima mara mbili. Kijiji kilikuwa na farasi kumi na mmoja. Kumi aliwaangalia meno, kwato na chapa, akaandika. Wa kumi na moja hakumgusa.

Huyo wa kumi na moja alikuwa kwenye matanga. Mwenyewe, mzee Ramakatsa, alizikwa Januari, na katika ukoo ule mzee akifa, wanawe hunyoa vichwa na farasi wake hunyolewa singa za shingo na mkia. Farasi wa namna hiyo amevaa msiba kama mtu. Huendi kumfungua kinywa kuhesabu meno. Mara zote mbili Phatela alipita mbele ya zizi, akavua kofia, akasema pole zake, akaenda. Konstebo aliyefuatana naye alifanya vivyo hivyo. Nani aliyelelewa akalelewa vizuri angefanya vingine?

Basi Jumatatu hiyo, alipokuwa anarudi barabarani mikono mitupu, goti likakataa. Akakaa juu ya jiwe mkabala na zizi la marehemu, akapandisha suruali, akaanza kulifunga kwa kitambaa. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni, mwezi Aprili. Akamwangalia farasi wa matanga kwa sababu hakuwa na kingine cha kuangalia.

Farasi alikuwa ameegemeza makalio kwenye nguzo, anajisugua. Akajisugua huku, akajisugua kule, akageuka na kuweka shingo, akaendelea. Mkia ulikuwa kijiti kitupu. Shingo ilikuwa tupu, ina makunyanzi. Phatela akafunga fundo la kitambaa na kuendelea kutazama, bila kuwaza jambo lolote la maana.

Ndipo Nkopane, mtoto mkubwa wa marehemu, alipotoka nyumbani na ndoo ya maji. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mnene kiasi, mwenye adabu. Alikuwa hana kofia. Akamsalimu sajini, akamuuliza habari za goti. Phatela hakujibu, kwa sababu alikuwa anamwangalia kichwa.

"Ntate Nkopane," akasema mwishowe, "ulinyoa lini?"

"Januari. Siku ya tatu baada ya kumzika mzee. Ulikuja wewe mwenyewe kutupa pole."

"Na farasi?"

"Siku hiyo hiyo. Wembe mmoja."

"Nywele zako sasa zinataka kinyozi," Phatela akasema. "Za farasi mbona hazijaota?"

Nkopane akaweka ndoo chini polepole, asimwage. Akasema farasi si mtu, nywele zake zina mambo yake. Kisha akasema labda ni chawa. Kisha akasema alitaka kumwita afisa mifugo tangu mwezi uliopita, ila shughuli za msiba, Ntate Sajini anajua mwenyewe. Majibu matatu kwa swali moja. Phatela alikuwa mzee wa kazi, na alijua kwamba mtu mwenye jibu la kweli hulitoa moja na kunyamaza.

Akainuka, akavua kofia kwa mara ya tatu, akamwomba radhi marehemu kwa sauti ya kusikika, akaingia zizini.

Aliona haya kabla hajaona kingine. Alikuwa amempita farasi huyu mara mbili, na mtu anaoza rumande. Nywele zilizokatwa kwa wembe huwa sawa, kama nyasi iliyofyekwa. Hizi zilikuwa zimekatika ovyo, nyingine ndefu kama ukucha, nyingine zimeng'oka kabisa, na chini yake ngozi imekuwa nene, ngumu, yenye magamba. Alipopitisha mkono chini ya tumbo alikuta mstari wa vidonda vidogo vilivyokauka. Nguzo ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, ina manyoya na damu nyeusi kwenye nyufa. Pajani palikuwa na chapa, lakini ilichomwa mara mbili, chuma juu ya chuma, isisomeke kitu. Nkopane alisema farasi alishtuka siku ya kuchomwa. Huenda. Farasi hushtuka.

Kando ya zizi, kwenye kibanda cha jirani, alikuwapo farasi jike mzee, mmoja wa wale kumi. Singa zake zilifika mabegani na mkia ulifagia chini.

Phatela akatoka, akaenda nyumba ya jirani, kwa mama mmoja aitwaye Puseletso aliyekuwa anapembua maharage uani. Hakumuuliza habari za farasi. Alimuuliza habari za nguzo. Mtu hukataa kumsema jirani, lakini nguzo haina ndugu. Puseletso akasema ile ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa mbovu, farasi aliisugua mpaka ikaanguka, na mlio wake usiku ule ulimwamsha kila mtu.

"Lini hiyo, 'M'e?"

"Novemba. Mahindi yalikuwa ya magotini."

Novemba mzee Ramakatsa alikuwa hai, anakula na kunywa. Phatela akaandika. Kisha, kama mtu anayeuliza tu ili apate kupumzika zaidi, akauliza kama mzee alikuwa na farasi mwingine zamani. Puseletso akapembua sahani nzima kabla ya kujibu. Akasema yeye hajui. Akasema tena kwamba yeye hajui, ila kiangazi cha mwaka juzi mzee alikuwa na farasi wa kahawia aliyetoka povu puani, akafa kwa siku mbili, wakamzika nyuma ya mishubiri. Na kwamba hakumbuki vizuri. Na kwamba sajini asimtaje.

Usiku huo Phatela alilala kituo cha polisi juu ya benchi, na hakulala vizuri.

*

Jumanne alikuja afisa mifugo wa wilaya, 'M'e Itumeleng, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na kauli fupi. Alichukua magamba ya ngozi, akayaweka kwenye kichupa, akayaangalia kwa kioo chake cha kukuzia juu ya boneti ya gari. Phatela alikaa kwenye ngazi ya gari, goti limenyooshwa. Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba ni upele wa kawaida, kwamba amemvunjia mfiwa heshima bure, na kwamba arudi nyumbani akasubiri pensheni. Kusema kweli, nusu ya moyo wake ilitamani hivyo.

Itumeleng akasema si chawa na si upele. Vyote viwili huambukiza, na yule jike anayelala ukuta kwa ukuta na huyu ni msafi kama bibi harusi. Kinachomla huyu ni usubi, hawa wadudu wadogo wa jioni wanaotoka kwenye matope ya mto. Wanawauma farasi wote wawili sawasawa. Ila mmoja mwili wake umewazoea na mwingine mwili umewakataa. Ni mzio.

"Kwa nini mmoja awakatae?"

"Yule jike amezaliwa hapa. Ameumwa tangu siku ya kwanza, ameshawazoea. Farasi anayekulia kwenye baridi, kule juu ambako usubi hakuna, ukimshusha mkubwa ndio anateswa namna hii. Kiangazi cha kwanza anaweza kupita salama. Cha pili kinamwonyesha."

Phatela akahesabu kwa vidole, ingawa hakuwa na haja. Farasi wa 'Masekake alipotea Oktoba ya mwaka juzi. Kiangazi cha kwanza kikapita, na mnunuzi wa sufu akamwona farasi mwenye mwendo laini na hakutaja kasoro yoyote. Novemba, kiangazi cha pili, nguzo ikaanguka. Januari mzee akafa, na kwa farasi ambaye singa zimeshakwisha, msiba ukawa nguo ya kumfunika. Nkopane hakumuua baba yake ili amfiche farasi, la hasha. Alifiwa kwa kweli na akalia kwa kweli. Ila wembe ulipofika kwa farasi ulikuta hakuna cha kunyoa, na mwenye farasi akanyamaza.

"Utasimama mahakamani useme hivyo?" akamuuliza Itumeleng.

Akasema atasimama, lakini hataki kumdanganya. Wapo farasi wa bondeni, wachache, ambao mzio huo huwapata pia. Usubi si chapa. Wakili atamuuliza kama ana hakika, naye atajibu kwamba anaamini.

Wakaingia kwa Nkopane. Alikuwa ametayarisha cheti cha mifugo juu ya meza, kimekunjuliwa, kina mhuri wa chifu: farasi dume, kahawia, baka jeupe usoni, amezaliwa Ha Lekoro, miaka tisa. Cheti kilikuwa halali kabisa. Phatela akakisoma mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba farasi wa cheti hiki amelala nyuma ya mishubiri, na kwamba jembe lipo garini.

Nkopane akakikunja cheti upya. Mkewe alileta chai, akaona nyuso zao, akarudi nayo. Mwisho Nkopane alisema kwamba baba yake alikuwa mgonjwa, farasi wake amekufa, na alikuwa analia kila siku kama mtoto kwamba atakufa bila farasi zizini. Mwanamume wa Kisotho afe hivyo? Hayo ndiyo aliyokubali kusema, na zaidi ya hapo hakusogea.

"Mlete mwenye farasi," akasema. "Akisema mbele yangu kwamba ni wake, nitakutajia aliyeniuzia. Akisema si wake, utoke zizini kwangu na uache kufukua makaburi yangu."

Katika faili, maelezo ya 'Masekake yalikuwa na mstari mmoja tu kuhusu alama za farasi. Aliulizwa atamtambuaje, akajibu: namjua kama ninavyomjua mwanangu.

*

'M'e 'Masekake alifika Jumatano alasiri kwa basi la kutoka juu. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, amejifunga blanketi la sufu ingawa bondeni jua lilikuwa bado kali. Phatela alimpigia simu kumwambia tu kwamba kuna farasi wa kutambuliwa. Lakini mama huyo hakuwa mjinga. Mwaka na nusu alikuwa amelala na maneno ya Lefa kichwani, na safari ya saa saba ilimpa nafasi ya kuyageuza upande wa pili, kwamba huenda yalikuwa kweli. Njia nzima kutoka kituoni hakuuliza farasi alipatikanaje. Aliuliza kama huku mvua ilinyesha.

Zizini walisimama wanne: yeye, Nkopane, Itumeleng na sajini. Farasi alikuwa kona ya mbali, kichwa chini. Mama hakumwita. Alikohoa tu, kikohozi kidogo cha vumbi la safari, na farasi akainua kichwa, akavuka zizi lote moja kwa moja, akapenyeza pua chini ya blanketi lake, upande wa kushoto, kama mtu anayejua kabati liko wapi.

'Masekake alisimama kama mti. Mikono yake haikutoka ndani ya blanketi.

"Si wangu," akasema.

Nkopane akashusha pumzi. Itumeleng akamtazama sajini, na sajini akatazama daftari lake. Alikuwa ameona mengi katika kazi hii: wenye mali waliotambua ng'ombe wasio wao, wezi waliolia kuliko walioibiwa. Hili hakuwa amelitegemea, na hata hivyo hakushangaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alijihisi amechoka mpaka mifupani.

Hakubishana naye. Alimwambia ni lazima aandike maelezo, ayasome, atie sahihi, na kwamba yeye Phatela huandika taratibu. Kisha, bila kupandisha sauti, akamweleza kitakachofuata, kwa sababu shahidi ana haki ya kujua. Farasi huyu atabaki hapa. Kesho Lefa atasimama kizimbani, na hatakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa mdomo wake.

"Lefa ana watoto wangapi sasa?" mama akauliza.

"Watatu. Wa mwisho hajamwona."

Phatela akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaanza kuandika. Jua likashuka nyuma ya mierebi ya mto, upepo ukakatika, na usubi ukatoka.

Ulikuwa mwembamba kama moshi, ukamkuta farasi kwanza. Ngozi ya shingo ikaanza kutetemeka. Akatikisa kichwa, akapiga mguu chini, akapiga tena. Akamwacha mama, akaenda kwenye nguzo, akajisugua mpaka nguzo ikalia, na magamba yakapasuka, damu ikateremka mpaka begani, naye haachi. Jike mzee, mlango wa pili, alikuwa anatafuna majani yake.

"Mnampaka nini?" 'Masekake akauliza.

Nkopane akasema wanampaka mafuta machafu ya trekta. Yanasaidia saa moja, yanakauka.

"Kila jioni?"

"Jioni na alfajiri, mpaka baridi iingie."

Akamgeukia afisa mifugo. "Akizeeka anapona?"

"Hapana, 'M'e," Itumeleng akasema. "Kila kiangazi kinazidi."

Farasi akalala chini, akajigaragaza kwa mgongo ule uliochubuka, akainuka akiwa na mchanga kwenye vidonda, akarudi nguzoni. Sajini alikuwa ameacha kuandika. Mama alitazama mpaka aliposhindwa. Akafungua pini, akavua blanketi, akabaki na kigauni chembamba na mikono mitupu yenye mishipa. Akaenda, akamfunika farasi shingo na mgongo, akalikumbatia blanketi kwa mikono miwili lisidondoke. Farasi akasimama. Usubi ukahamia mikononi mwake, naye hakuufukuza.

"Mrudishe juu," akasema, uso ukiwa ndani ya blanketi. "Kule hakuna wadudu hawa. Huku atakufa."

"Nimrudishe kwa nani, 'M'e? Nimeandika hapa kwamba si wako."

"Futa."

"Sifuti. Naandika chini yake."

Sajini akamngoja. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Andika, basi. Farasi ni wangu. Anaitwa Phefo, alizaliwa mikononi mwangu kwenye theluji. Sikumtuma mtu kumchukua. Lefa alisema kweli, nami nikamwita mwongo mbele ya watoto wake."

Kalamu ikaandika mpaka hapo, ikasimama. Nkopane akakumbuka ahadi yake, akasogea, akasafisha koo. Akaanza kusema kwamba aliyemuuzia alikuwa kijana wa kutoka milimani, jina lake...

"Nyamaza wewe," mama akasema. Hakugeuka. "Niliitwa mama wa jina hilo siku niliyoolewa, mtoto mwenyewe hata mimba bado. Nimelibeba miaka thelathini na nne. Nitalitaja mwenyewe."

Akalitaja, na Sajini Phatela akaliandika.